Mwezi ulitoka wapi, na nani alikuwepo?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha Jiografia sekondari huku Mbozi. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili Ndolezi kukiona Kimondo. Tulipokuwa tunarudi, binti mmoja akauliza: kama chuma hiki kilidondoka kutoka angani, Mwezi wenyewe ulitoka wapi? Nikamjibu nilivyofundishwa mimi, kwamba ulimeguka kutoka Duniani na pengo lake ndilo Bahari ya Pasifiki. Mwenzake akanibishia, akasema sayari nyingine iliigonga Dunia. Kitabu kimoja nilicho nacho kinasema Mwezi ulikuwa unapita, ukanaswa. Lipi ni la kweli? Na yule binti hakuniachia hapo, akauliza tena: nani alikuwepo?"

Marahaba, Mwalimu. Nakupa jibu lenyewe kwanza ili usilisubiri: huyo mwanafunzi aliyekubishia ndiye aliye karibu zaidi na wanavyoelewa wataalamu leo. Maelezo yanayosimama vizuri kuliko mengine ni kwamba Dunia ilipokuwa bado changa, zaidi ya miaka bilioni 4.3 iliyopita, iligongwa na gimba lenye ukubwa wa sayari, na Mwezi ukaundwa na vilivyorushwa nje. Lakini ulichofundishwa wewe hakikuwa porojo. Kilitoka kwa mtu makini, kilikuwa na hesabu ndani yake, na sehemu ya hesabu hiyo tunaitumia mpaka leo. Hata hilo la kunaswa lilikuwa na watetezi wakubwa. Kwa hiyo usione haya kurudi darasani na kusema mambo yamebadilika.

Swali la "nani alikuwepo" nalipenda kuliko yote uliyoniandikia, maana ndilo lililoamua mashindano haya. Hakuna mtu aliyekuwepo. Mawe yalikuwepo, na nitakuonyesha wataalamu walivyoyahoji.

Binti yako amekigusa Kimondo kwa mkono, basi tuanzie hapo hapo. Zile tani 16 hivi ni chuma kwa karibu asilimia 90, na nikeli kwa asilimia 8 hadi 9. Vimondo vingi vya chuma hufikiriwa kuwa vipande vya viini vya magimba madogo yaliyoyeyuka zamani sana, kisha yakagongana na kuvunjikavunjika. Gimba likiyeyuka, chuma huzama kwenda katikati kwa uzito wake, na mwamba ulio mwepesi hubaki juu. Dunia nayo ilipitia hayo hayo: karibu theluthi moja ya uzito wake wote ni kiini cha chuma na nikeli, ambacho juu yake limekaa koti nene la mwamba, na juu kabisa hili ganda jembamba tunalolilima.

Sasa upime Mwezi. Sentimita moja ya ujazo ya Dunia, ukichukua wastani wa sayari nzima, ina gramu 5.5. Ya Mwezi ina gramu 3.3 tu, karibu sawa na mwamba wa koti la Dunia. Mwezi una kiini cha chuma, ila ni kidogo mno: kuanzia katikati hadi ukingo wa kiini hicho ni kilomita kama 350, wakati hadi kwenye uso wa Mwezi ni kilomita 1,737. Kwa uzito hakizidi asilimia 1 au 2. Tena Mwezi si gimba dogo la kusema lilikosa bahati, maana una upana wa zaidi ya robo ya Dunia, na hakuna sayari nyingine yenye miamba katika jamii ya Jua letu iliyo na mwezi mkubwa namna hiyo. Kwa hiyo kila anayekuja na hadithi ya asili ya Mwezi aulizwe kwanza: chuma kilikwenda wapi?

Nadharia uliyofundishwa ilianzishwa na George Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin wa mageuzi ya viumbe, mwishoni mwa miaka ya 1870. Alianzia kwenye kupwa na kujaa kwa bahari. Wewe uko nyanda za juu, lakini mwanafunzi yeyote aliyewahi kukaa Unguja au Tanga atakusimulia siku za bamvua, Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jinsi maji yanavyokimbia hadi akina mama wanatembea kwa miguu kwenda kwenye mashamba ya mwani, na baada ya saa sita yanarudi yamepanda karibu mita 4. Maji hayo yanavutwa na Mwezi, na Jua likisaidia. Ila Dunia inajizungusha upesi kuliko Mwezi unavyoizunguka, hivyo lile tuta la maji linatangulizwa mbele kidogo ya Mwezi. Tuta hilo lina uzito, nalo linauvuta Mwezi mbele. Mwezi ukivutwa hivyo hupanda njia ya mbali zaidi, na Dunia kwa upande wake inapunguzwa mwendo.

Hili tunalijua kwa kupima, Mwalimu. Wanaanga wa Apollo, zile safari za Wamarekani kwenda Mwezini, waliacha vioo kwenye Mwezi kuanzia 1969, na kwa kuvirushia miali ya leza na kupima inachukua muda gani kurudi, tumeona kwamba Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Na mwaka 1963 John Wells wa Marekani alihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, ya umri wa miaka karibu milioni 400, akapata kwamba mwaka wa wakati ule ulikuwa na siku kama 400. Mwaka haukuwa mrefu kuliko wa sasa. Siku ndiyo iliyokuwa fupi, kama saa 22.

Darwin aliipiga hesabu hiyo kinyumenyume akaifikia Dunia inayojizungusha kwa saa chache tu, na Mwezi ukiwa karibu kuigusa. Akahitimisha kwamba hapo mwanzo vilikuwa kitu kimoja kilichoyeyuka, kikazunguka kwa kasi hadi kikameguka. Mwaka 1882 Osmond Fisher, kasisi wa Uingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa mambo ya ardhi, akaongeza kwamba Pasifiki ndiyo kovu. Ona jinsi nadharia hii inavyojibu vizuri swali la chuma: kama chuma cha Dunia kilikwisha kuzama, kilichomeguka kilikuwa mwamba wa juu mtupu. Ndiyo maana ilikaa vitabuni kwa miaka mingi.

Iliyoiangusha ni hesabu ya mzunguko, yaani kile kiasi cha mwendo wa kuzunguka ambacho magimba hubeba. Ukichukua mzunguko wote ambao Mwezi unao leo na kuurudisha ndani ya Dunia, unapata siku ya saa 4 au 5. Hiyo ni kasi kubwa, lakini haitoshi kuimegua Dunia, inatakiwa siku ya saa 2 hivi. Na kama kweli Dunia iliwahi kuwa na mzunguko mkubwa kiasi hicho, uliozidi ulikwenda wapi? Mzunguko haupotei hivi hivi, lazima kitu kiuchukue. Kuhusu Pasifiki, jambo ni jepesi zaidi. Sakafu ya bahari huzaliwa kwenye nyufa na kurudi ndani ya Dunia, na sehemu kongwe kabisa ya sakafu ya Pasifiki haifiki miaka milioni 200. Pengo hilo ni changa kuliko Mwezi zaidi ya mara ishirini.

La kunaswa sitalikalia sana. Thomas See alilitetea mwaka 1909, na baadaye Harold Urey, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1934, akalipenda kwa sababu liliufanya Mwezi kuwa masalia ya mwanzo kabisa ya jamii ya Jua. Ugumu wake ni breki. Gimba linalokuja kwa kasi huipita Dunia na kuondoka kwa kasi ile ile, na haliwezi kutulia likaanza kuizunguka Dunia bila kupunguzwa mwendo na kitu. Kulikuwa na wazo la tatu pia, la Édouard Roche wa Ufaransa, mwaka 1873, kwamba Dunia na Mwezi vilikua pamoja kama pacha kutoka wingu moja la vumbi. Pacha hao wangepaswa kugawana chuma sawasawa. Hawakugawana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Julai 1969: nadharia tatu, kila moja na kidonda chake, na hakuna aliyekuwa na jiwe la Mwezi mkononi.

Apollo 11 ilileta karibu kilo 22 za mawe na vumbi. Misheni zote sita zilizotua hadi Desemba 1972 zilileta kilo 382, na vyombo visivyo na watu vya Wasovieti vikaongeza gramu kama 300. Ndani ya udongo mweusi wa Apollo 11 kulikuwa na vijipande vyeupe vichache, vidogo kama punje, ambavyo havikufanana na mawe mengine ya pale. John Wood na wenzake walivishughulikia vijipande hivyo, na mimi kila nikifundisha habari hii huwa nasimama hapa kwa muda, maana sijui mfano mwingine wa punje chache zilizosema jambo kubwa kiasi hicho. Vilikuwa mwamba uitwao anothositi, ambao karibu wote ni madini meupe ya jamii ya feldispa. Madini hayo ni mepesi. Mwamba ulioyeyuka ukipoa polepole, madini mazito yenye chuma na magnesi huzama, na hayo meupe huelea, kama malai yanavyokaa juu ya maziwa. Wood aliona kwamba vijipande vile vilirushwa hadi pale kutoka kwenye nyanda za juu za Mwezi, zile sehemu nyeupe tunazoziona kwa macho. Na kama nyanda hizo zote ni za mwamba ulioelea, basi Mwezi wote ulikuwa umefunikwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka, yenye kina cha mamia ya kilomita.

Anothositi tunayo hata Tanzania. Iko kwenye milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, na nimewahi kuivunja kwa nyundo pale nikiwa na wanafunzi: jeupe lenye ukijivu, lenye kumetameta kidogo ukiligeuza juani. Historia yake ni tofauti na ile ya Mwezi, ilizaliwa ndani ya ganda la Dunia na kupikwa tena kwa joto na mgandamizo wakati milima ilipokuwa inajengwa. Lakini ukitaka mwanafunzi ashike kitu kinachofanana na uso wa Mwezi, huna haja ya kusubiri mtu akuletee kutoka Marekani.

Mawe hayo yalisema na jambo lingine. Vitu vinavyoruka upesi kwenye joto, kama zinki, potasiamu na maji, ni vichache mno kwenye Mwezi ukilinganisha na Dunia. Maji yapo, mwaka 2008 yaligunduliwa ndani ya vishanga vya kioo vya volkeno vilivyoletwa na Apollo, ila ni kidogo. Na mwaka 2012 ikaonekana kwamba zinki iliyobaki kwenye mawe ya Mwezi ni ile ya atomu nzito zaidi, kama inavyotokea pale kitu kinapochemka na zile nyepesi kutangulia kuruka.

Weka pamoja ulichonacho sasa. Gimba lenye chuma kidogo mno, lililoyeyuka karibu lote, lililopoteza vyenye kuruka, linalozunguka Dunia iliyokuwa na siku ya saa 5. Hakuna hata nadharia moja kati ya zile tatu inayoyabeba yote manne.

William Hartmann na Donald Davis, wa Arizona, walikuja na ya nne mwaka 1975. Hartmann alikuwa amesoma kazi ya Msovieti Viktor Safronov juu ya namna sayari zinavyokua kwa magimba kugongana na kushikamana, akajiuliza: wakati Dunia inakua, gimba la pili kwa ukubwa katika ujirani wake lilikuwa kubwa kiasi gani? Hesabu ikampa magimba makubwa ya kutisha. Mwaka uliofuata Alastair Cameron na William Ward, waliokuwa wanaufuata mzunguko badala ya chuma, walikuta kwamba ili Dunia ipate mzunguko ilionao, kilichoigonga kiwe na ukubwa wa Mirihi, yaani nusu ya upana wa Dunia na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kiigonge kwa upande. Watu hawa walianzia sehemu mbili tofauti wakakutana. Wazo lilikaa kimya kwa miaka kadhaa, hadi Oktoba 1984 wataalamu wa Mwezi walipokutana Kona, Hawaii, na wengi wakaondoka pale wakiwa upande wa mgongano.

Gimba hilo baadaye lilipewa jina la Theia, ambaye katika simulizi za Wagiriki ni mama wa Selene, Mwezi. Hiki ndicho unachoweza kuwachorea wanafunzi ubaoni. Theia na Dunia zote mbili zimekwisha kuyeyuka na chuma chao kimezama. Theia inakuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 9 kwa sekunde, inaigonga Dunia kwa mshazari, kama mtu anavyogonga gololi kwa pembeni badala ya kuipiga katikati. Kiini cha chuma cha Theia kinazama ndani na kuungana na kiini cha Dunia. Mwamba wa koti, wa Theia na wa Dunia, unarushwa juu ukiwa umeyeyuka na sehemu yake imegeuka mvuke, unaizunguka Dunia kama duara la moto. Kinachobaki karibu mno hakiwezi kujikusanya, mvuto wa Dunia unakirarua. Kilicho mbali zaidi ya kilomita kama 18,000 kutoka katikati ya Dunia kinaweza kushikana na kukua. Hapo ndipo Mwezi ulipozaliwa, mara ishirini karibu zaidi kuliko uliko leo. Mwaka 2001 Robin Canup na Erik Asphaug walionyesha kwa kompyuta kwamba mgongano mmoja wa namna hiyo unaweza kuacha Dunia, Mwezi, chuma na mzunguko karibu vyote vikiwa kama tunavyoviona.

Ningeweza kuishia hapa, na vitabu vingi vya shule huishia hapa. Lakini ingekuwa kukuficha jambo linalowakosesha usingizi wenzangu tangu wakati huo.

Oksijeni, ambayo karibu nusu ya uzito wa jiwe lolote la kawaida ni hiyo, ina atomu za aina tatu zinazotofautiana kwa uzito. Uwiano wa aina hizo hutofautiana kidogo toka gimba moja hadi jingine, kama maji ya visima vya mtaa mmoja yanavyopishana chumvi. Vimondo vilivyotoka Mirihi hutofautiana na mawe ya Dunia kwa sehemu kama 300 katika milioni, na maabara huvitambua mara moja. Mawe ya Mwezi yakapimwa, yakapimwa tena kwa mashine bora zaidi, na tofauti yake na ya Dunia, kama ipo, ni sehemu chache tu katika milioni. Titani, ambayo ni metali, ilipimwa Chicago mwaka 2012, ikatoa jibu lile lile. Sasa kumbuka kwamba kwenye ule mgongano wa kompyuta wa mwaka 2001, sehemu kubwa ya Mwezi, zaidi ya theluthi mbili, ilitoka kwa Theia. Mtoto ambaye baba alichangia zaidi, lakini amechukua sura yote ya mama, hata kucha.

Jibu la haraka ni kwamba Theia na Dunia zilikuwa majirani zilizotokana na vumbi lile lile, hivyo zilifanana tangu mwanzo. Kwa oksijeni inawezekana. Inapofika kwenye tungsteni, metali nyingine, jibu hilo linapata shida. Aina moja ya tungsteni huzaliwa kutokana na metali ya hafni yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka milioni 9. Tungsteni hupenda kufuatana na chuma, hafni hubaki kwenye mwamba. Kwa hiyo kiasi cha tungsteni hiyo kwenye koti la sayari kinategemea chuma chake kilizama lini na kwa namna gani. Sayari mbili zilizokua kila moja kwa wakati wake kufanana hata katika hilo, hiyo ni sadfa ngumu kuimeza.

Ndiyo maana kuanzia 2012 watu walirudi kuuchora mgongano upya. Mwaka huo Matija Ćuk na Sarah Stewart walionyesha kwamba kama Dunia ilikuwa tayari inajizungusha kwa kasi sana, gimba dogo zaidi lingeweza kuirusha nje ngozi ya Dunia yenyewe. Na Canup akaonyesha kwamba magimba mawili yanayokaribiana kwa uzito yakigongana, huchanganyika kabisa, na Mwezi ukafanana na Dunia bila kulazimishwa. Njia zote mbili zinaacha mzunguko mwingi kupita kiasi, na inabidi Jua lipewe kazi ya kuunyonya taratibu. Stewart na mwanafunzi wake Simon Lock wakasonga mbele, wakasema mgongano mkali huenda uliigeuza Dunia nzima kuwa wingu la mwamba uliochemka, lenye umbo la andazi lililobonyezwa katikati, na Mwezi ukajikusanya ndani ya wingu hilo. Mwaka 2017 watafiti wa Israeli wakapendekeza migongano mingi midogo, kila mmoja ukizaa kijimwezi, na vijimwezi vikaungana. Na mwaka 2022 kompyuta iliyoigawa Dunia na Theia katika chembe hadi milioni 100 ikaonyesha Mwezi ukitupwa nje moja kwa moja, ukiwa umeshaundika, ndani ya saa chache.

Ukiniuliza mimi naegemea wapi: kwamba mgongano ulitokea, sina shaka. Chuma, bahari ya mwamba ulioyeyuka, kukauka kwa Mwezi na mzunguko vinashikana vizuri mno katika wazo hilo, na hakuna wazo jingine linaloshikanisha hata vitatu kati yake. Ulikuwa mgongano wa namna gani, hapo naona tungsteni na oksijeni vinatusukuma kwenye mgongano mkali uliochanganya kila kitu, na ningependa kuona hesabu safi ya namna mzunguko uliozidi ulivyoondoka kabla sijafunga faili. Usiwafundishe wanafunzi wako kwamba jambo hili limekwisha. Wafundishe sehemu iliyokwisha na sehemu iliyobaki wazi, wanaweza kuzibeba zote mbili.

Kuhusu umri, utaona tarakimu mbili zikipigana vitabuni. Chembe za madini ya zikoni kutoka mawe ya Apollo 14 zilipimwa mwaka 2017 na kutoa miaka bilioni 4.51, yaani miaka milioni 60 hivi tu baada ya jamii ya Jua kuanza. Mawe mengine mengi ya Mwezi hukusanyika kwenye bilioni 4.35. Mwaka 2024 ilipendekezwa kwamba Mwezi ulizaliwa mapema, kisha ukayeyushwa upya kwa kunyumbuliwa na mvuto wa Dunia wakati unasogea mbali, na saa ya mawe mengi ikaanza kuhesabu upya. Wazo hilo linanivutia, na litapimika, kwa sababu sasa kuna mawe mapya. Chombo cha China, Chang'e 6, kilileta Juni 2024 karibu kilo 2 kutoka upande wa Mwezi tusiouona, ambako hakuna jiwe lililowahi kuchukuliwa kabla.

Na liko jambo moja linalowahusu ninyi wa kusini magharibi. Mitetemo ya matetemeko ikipita ndani kabisa ya Dunia, hupungua mwendo kwenye maeneo mawili makubwa kama mabara, yaliyokaa juu ya kiini, kilomita 2,900 chini. Moja liko chini ya Pasifiki, jingine chini ya Afrika. Mwaka 2023 Qian Yuan na wenzake walipendekeza kwamba hayo ni mabaki ya koti la Theia, mwamba uliokuwa mzito kidogo kuliko wetu ukazama na kutulia huko. Ni pendekezo, na wapo wanaolipinga kwa hoja nzuri. Lakini wataalamu kadhaa wanaona joto linalopanda kutoka lile eneo la chini ya Afrika ndilo linaloinyanyua Afrika Mashariki, na gesi ya heli iliyopimwa kwenye mawe ya volkeno ya Rungwe, jirani na kwenu, ina alama ya kutoka kina kirefu sana.

Kwa hiyo yule binti aliyeuliza njiani mkirudi kutoka Ndolezi, mrudishe kwenye Kimondo na umwambie aweke tena mkono juu yake. Chuma cha namna ile ndicho Mwezi unachokosa, na kama tumeelewa sawasawa, kile ambacho Theia ilikuja nacho kimo humu humu Duniani, kimechanganyika na chetu ndani ya kiini, kilomita 2,900 chini ya miguu yake.